Mpaka Haumpi Kijana Kazi

Liko neno linalosemwa sana siku hizi, barazani, katika vijiwe vya bodaboda, hata katika vyumba vya walimu, nalo ni hili: vijana wetu hawana kazi kwa sababu mipaka yetu i wazi mno. Vitu vya kigeni vyaingia kama maji ya mafuriko, wageni waingia pamoja navyo, na watu wetu wenyewe, kwa uchache wa uzalendo, wavuka bahari na mipaka kwenda kununua vya wenzao. Basi, wasema, fungeni mpaka, mfukuzeni mgeni, mtozeni faini anunuaye ng'ambo, nanyi mtaona kazi zikizaliwa. Sisi tufundishao hapa Mchukwi tumelisikia neno hili vinywani mwa watu tunaowaheshimu, na kwa kuwa ni tamu kulisema na rahisi kulikubali, twaona yatupasa kulipinga wazi wazi. Si kweli. Limekwisha kujaribiwa katika nchi yetu, tena si mara moja, na kila mara aliyelipa gharama alikuwa yule yule maskini aliyeambiwa kwamba anasaidiwa.

Kwanza tuwatazame vijana wenyewe, maana wengi huwazungumza pasipo kuwatazama. Tangu mwaka 2016, ada ilipoondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, madarasa yetu yamejaa, na jambo hilo ni jema. Hatutamsikiliza mtu asemaye kwamba watoto wamesoma mno. Walakini wanapomaliza, wachache huendelea mbele, na waliobaki huitazama barabara ya Kilwa, ile itokayo Dar es Salaam na kushuka kwenda Lindi na Mtwara. Barabara hiyo ndiyo mwajiri wao. Huuza kando yake maembe na korosho za kukaanga, huendesha pikipiki ya mtu kwa hesabu ya kila siku, hupakia magunia ya mkaa. Wakichoka hupanda basi kwenda Mbagala na Kariakoo kushika meza ya mwingine. Wakirudi nyumbani kwa sikukuu wamevaa vizuri, na wadogo zao huona kwamba safari ile ndiyo shule ya kweli, na kwamba sisi wenye chaki twawachelewesha.

Wilaya yetu ya Kibiti ilijulikana kwa nchi nzima kwa sababu ya huzuni. Mwezi wa Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa siku moja, na katika miezi ile viongozi kadhaa wa vijiji waliuawa pia. Hatusemi kwamba ukosefu wa kazi ndio uliowaua. Maskini ni wengi, na karibu wote hawajamdhuru mtu. Twasema tu kwamba mahali ambapo kijana haitwi na mtu yeyote kufanya kazi, ni rahisi kuitwa na mtu mwovu. Kwa hiyo jambo hili si la kuzungumzwa kwa mzaha, wala kwa misemo ya mkutano wa kampeni.

Sasa angalieni ajabu. Mwezi wa Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70 tu za kazi, na waombaji zaidi ya 10,000 wakaitwa kufanyiwa usaili katika Uwanja wa Taifa, wakaketi majukwaani kama watazamao mpira. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na maombi yakafika 135,027. Yaani kwa kila nafasi moja watu 84 na zaidi. Kazi ya Uhamiaji ni nini? Ni kulinda mpaka usipitwe na mtu pasipo ruhusa. Na Mamlaka ya Mapato, pamoja na kazi zake nyingine, husimama forodhani kuangalia kitu kisipite pasipo ushuru. Basi hawa vijana elfu kwa elfu walikuja kumwomba nani kazi? Walikuja kuuomba mpaka wenyewe. Nao mpaka ukawajibu kama uwezavyo kujibu siku zote: ukaajiri walinzi wake wachache, ukawaaga wengine. Mpaka hauna kazi nyingine ya kutoa. Haulimi, haushoni, haubangui korosho.

Tena wale wanaodhani kwamba kuuziana ng'ambo ni ugonjwa mpya, na waje wasimame ukingoni mwa delta. Msitu wa mikoko wa Rufiji ni miongoni mwa mikubwa kabisa ya pwani ya Afrika ya Mashariki, na kwa karne nyingi majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba, yakaleta tende, samaki wakavu na mazulia, yakangoja kusi, yakarudi yamejaa boriti zetu. Katika miji ya Waarabu isiyo na miti, upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vya kale vya huko ni virefu na vyembamba. Mkata miti wa delta hakupata kuiona Masqat, lakini ndiye aliyepima vyumba vyake. Mpunga wa Rufiji nao ulivuka kwenda Unguja. Watu wa Salale, Mbwera na Msala hawakuuliza mpaka uko wapi. Waliuliza pepo zitageuka lini. Biashara ile ya boriti ilidhoofika nchi za Ghuba zilipopata mafuta, zikaanza kujenga kwa saruji na chuma, na mwaka 1987 serikali yetu ikakataza kukata mikoko ili msitu usiishe. Hatuilaumu kwa hilo. Walakini tukumbuke kwamba kazi hizo za delta zililetwa na mlango ulio wazi, wala si na mlango uliofungwa.

Tuje sasa kwenye jaribio kubwa. Mwezi wa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika ya Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1967 ilipokuwa katika kufa, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya. Yalikuwapo malalamiko ya haki: mali ya Jumuiya ilikuwa imelala Nairobi, ndege za shirika la pamoja zilikuwa zimesimama, na watalii walikuwa wakishukia Kenya, wakizitazama mbuga zetu kwa siku mbili na kurudi kulala kwao. Watu wakasema: tukifunga, watalii watashuka moja kwa moja katika kiwanja chetu cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1971, na kazi zitakuwa zetu. Mpaka ukakaa umefungwa hadi Novemba 1983. Muda wa miaka sita na zaidi, basi, viwanda vyetu havikuwa na haja ya kuogopa sabuni ya Nairobi wala kitambaa cha Nairobi. Je, vilistawi?

Kila mzee wa Mchukwi anajua jibu, wala hahitaji kitabu. Ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, mafuta ya kupikia kwa foleni. Hata sanda ya kuzikia ilitafutwa kwa kujuana. Viwanda tulivyovijenga kwa fahari, na vya nguo vilikuwa vingi, vilifanya kazi chini ya nusu ya nguvu zake, kwa kuwa havikuwa na vipuri wala fedha za kigeni za kuvinunulia. Haikuwa kwa sababu ya mpaka peke yake. Ilikuwapo vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta ilipanda, mazao yetu yalishuka bei, na ushirika wa wakulima ulikuwa umevunjwa mwaka 1976. Hayo yote ni kweli, nasi twayakubali. Lakini yule asemaye kwamba ushindani wa jirani ndio unaoua kazi zetu, na atueleze kwa nini jirani alipoondolewa kazi hazikuja.

Kilichokuja ni magendo. Kahawa ya Kilimanjaro ilivuka usiku kwenda Kenya, na sabuni ikavuka usiku kuja Tanzania, na mama aliyekwenda Taveta kununua mche mmoja wa sabuni akawa mhalifu pamoja na tajiri mwenye lori. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliwatangazia vita wahujumu uchumi. Watu zaidi ya 1,000 walikamatwa, na wengine kwa hofu wakatupa mali yao porini na baharini. Twaamini Sokoine alikuwa mtu mwaminifu aliyechukia wizi, na kifo chake cha tarehe 12 Aprili 1984 kililiwa kwa machozi ya kweli. Walakini dawa aliyoitumia ilitibu homa, haikutibu ugonjwa. Mwaka ule ule wa 1983 ilitungwa pia Sheria ya Nguvu Kazi, na vijana wasio na kazi wakakamatwa katika mitaa ya Dar es Salaam wakapelekwa mashambani, kana kwamba kukosa kazi ni kosa la mwenye kukosa. Wengi walirudi mjini muda si mrefu. Mwaka 1984 serikali yenyewe ikaona, ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuleta bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Na lililokuwa uhujumu katika bajeti iliyopita likawa biashara halali katika bajeti mpya. Yule mama wa Taveta hakuombwa radhi.

Isidhaniwe kwamba twamdharau Mwalimu Nyerere wala Azimio la Arusha la mwaka 1967. Nia ya taifa kusimama kwa miguu yake ni nia njema, nasi twaifundisha darasani kwa moyo. Tunachokataa ni kuichukua nia ile njema na kuigeuza kuwa kufuli.

Wala haya si makosa ya Waafrika peke yao, kama wadhanivyo wengine wanaopenda kujidharau. Iko nchi ya Ulaya iliyopita njia hii hii kabla yetu, nayo ni Ayalandi. Ilitawaliwa na Uingereza kwa karne nyingi, ikapata serikali yake mwaka 1922, lakini wilaya sita za kaskazini zikabaki chini ya Uingereza, na mwaka 1923 vituo vya ushuru vikawekwa katikati ya mashamba ya watu, kati ya jirani na jirani. Mwaka 1932 akaingia madarakani Eamon de Valera, aliyekuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuingia siasa (walimu na siasa, mambo hayo ya kale). Akataka nchi ijitegemee, ile chakula chake na kuvaa nguo yake. Akagombana na Uingereza juu ya madeni ya ardhi, Uingereza ikaitoza ng'ombe za Ayalandi ushuru mzito, naye akatoza vya kwao. Na ugomvi huo ulidumu hadi mwaka 1938. Ng'ombe wakakosa soko, na serikali ikafika hatua ya kuwalipa wakulima kwa ngozi za ndama, ili ndama wachinjwe wapungue.

Msomaji asicheke. Mwaka 2017 maofisa wetu huko Namanga walichoma moto vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya, na katika siku hizo hizo ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliovuka kutafuta majani walipigwa mnada. Sababu iliyotolewa juu ya vifaranga ilikuwa kuzuia maradhi ya ndege. Na iwe hivyo. Lakini baada ya moto ule kuzimika, ni kijana gani wa Kitanzania aliyeajiriwa kutotolesha vifaranga vingine 6,400 mahali pa vile? Miaka minne baadaye, Machi 2021, Kenya nayo ikayazuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, malori yakapanga mstari mpakani, na sisi tukalia kwamba jirani hana utu. Siku chache zikapita, yakaruhusiwa kwa masharti. Apandaye mpaka huvuna mpaka.

Turudi Ayalandi. Nchi ile ya kujitegemea, kati ya mwaka 1951 na 1961, iliwapoteza watu wapata 400,000 waliohama kutafuta kazi, wengi wao wakaenda kwa yule yule Mwingereza waliyemfungia mlango. Katika miaka ya 1980, ingawa ilikuwa imekwisha kuingia katika Jumuiya ya Ulaya mwaka 1973, wasio na kazi walifika wapata asilimia 17. Kodi ilikuwa nzito, na watu wa Dublin wakawa wakipanda magari na mabasi kwenda Newry, mji ulio ng'ambo ya mpaka wa kaskazini, kununua petroli, pombe na vyombo vya umeme. Serikali ikaona aibu, tena ikaona mapato yakivuja. Mwaka 1987 ikaweka amri: mtu asiyekaa nje ya nchi saa 48 hana ruhusa ya kurudi na vitu alivyonunua pasipo ushuru. Fikirini jambo hili: taifa lililopigania kwa damu kwamba kaskazini na kusini ni nchi moja, likawaadhibu watu wake kwa kwenda kununua katika kaskazini hiyo hiyo. Mwaka 1990 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba amri ile yavunja sheria ya soko la pamoja.

Je, kazi zilikuja kwa saa 48 zile? Hazikuja. Zilikuja miaka ya 1990, vituo vya ushuru vilipokwisha kuondolewa mwaka 1993, viwanda vya madawa na vya kompyuta vilipojengwa ili kuuza Ulaya nzima, na watoto waliosoma sekondari bila ada, mpango ulioanza mwaka 1967, walipokuwa tayari kuvifanyia kazi. Kufika mwaka 2000 wasio na kazi walikuwa wapata asilimia 4. Kisha mwaka 2008 benki zao zikaanguka pamoja na biashara ya majumba, kazi zikapotea tena, watu wakarudi kununua Newry kwa kuwa paundi ilikuwa imeshuka, na waziri wao wa fedha akawakumbusha uzalendo. Lakini kazi zile hazikupotelea Newry. Zilipotelea katika vitabu vya mabenki. Aliyekwenda Newry alikuwa mtu wa fedha chache anayetafuta zifike mbali, kama mama wa Taveta.

Na kama mama wa Mbagala aendaye Unguja. Maana nasi tunayo saa 48 yetu. Bara na Visiwani ni nchi moja tangu tarehe 26 Aprili 1964, walakini kwa miaka mingi mtu aliyenunua televisheni au friji Unguja, akailipia ushuru wa huko, amefika bandari ya Dar es Salaam na kutozwa tofauti, kwa kuwa hesabu ya huku si hesabu ya kule. Jambo hilo limehesabiwa mara nyingi miongoni mwa kero za Muungano. Hapa delta, ambako Nyamisati twapanda mashua kwenda Mafia na upepo hauulizi bendera, watu hawaelewi kabisa jinsi chombo cha nyumbani kinavyoweza kuwa cha kigeni katikati ya nchi. Wakiitwa wakwepa kodi huinamisha vichwa, lakini hawaoni haya.

Hapa wapinzani wetu watatuuliza habari za Kariakoo. Twashukuru, maana huko ndiko tulikokuwa tukielekea. Kariakoo inaishi kwa nini? Inaishi kwa watu wa Kongo, Zambia, Malawi na Komoro, wanaovuka mipaka yao kuja kununua kwetu. Kila kijana wa Rufiji anayebeba mzigo Kariakoo, anayefunga maboksi, anayepiga debe, analishwa na mnunuzi ambaye huko kwao labda yuko mwalimu kama sisi anayemwita msaliti. Mwezi wa Mei 2023 wafanyabiashara wa soko hilo walifunga maduka, wakilalamikia kukamatwakamatwa na mambo ya kodi, hata Waziri Mkuu akaja kuwasikiliza katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Jambo hilo peke yake latosha kuonyesha kwamba mteja wa ng'ambo si adui wa kijana wetu. Ni bwana wake wa chakula.

Mwezi wa Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, kama kutuma fedha kwa simu, saluni, kuongoza watalii, na kununua mazao shambani. Wengi hapa walishangilia. Sisi hatusemi kwamba hawakuwa na sababu. Mtu aliyekuja na mtaji kutoka mbali hapaswi kukaa chini akauza kandambili moja moja na kumsukuma mchuuzi, na kumkataza si dhuluma. Walakini yapo mambo mawili. La kwanza, amri haikumtenga mgeni wa mbali na jirani wa Jumuiya, nasi tuliweka sahihi katika Soko la Pamoja lililoanza tarehe 1 Julai 2010. Kenya ililalamika, na Watanzania walio wengi Nairobi wakaanza kuwa na hofu. La pili ndilo kubwa zaidi. Ukimwondoa mgeni mezani, meza hubaki, na kijana wetu akaketi. Vema. Lakini juu ya meza ile kuna nini? Ni kandambili zile zile, kutoka kiwanda kile kile cha China. Kazi ya kuzitengeneza haikuhama. Tumebadilisha mwenye kuuza, tukaita jambo hilo ukombozi.

Sasa tuseme kazi iko wapi, kwa kuwa haifai kubomoa tu. Iko ndani ya magunia yanayopita mbele ya macho yetu. Kila msimu, kuanzia Oktoba, korosho za Kibiti na Rufiji hukusanywa na vyama vya msingi, huwekwa ghalani, huuzwa kwa mnada, kisha hupakiwa zikiwa na maganda yake. Sehemu kubwa ya korosho za Tanzania huenda India na Vietnam, na huko ndiko zinakobanguliwa. Kilo nne au tano za korosho ghafi hutoa kilo moja ya kokwa; maana yake twalipia meli ichukue maganda ng'ambo ya bahari, na pamoja na maganda twasafirisha kazi ya mikono ya wanawake na vijana. Viwanda vya kubangulia tulijengewa kwa mikopo katika miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, vingi huko Mtwara na Lindi. Vikafa karibu vyote, na baadhi vikawa maghala ya kuhifadhia korosho hizo hizo ghafi. Hakuna Mkenya aliyevifunga.

Liko jambo jingine, nalo latukera zaidi. Sheria iliweka ushuru juu ya korosho ghafi zinazosafirishwa nje, na sehemu kubwa ya fedha zile, asilimia 65, ilikuwa ya kuendeleza zao lenyewe. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, fedha zikaelekezwa katika mfuko mkuu wa serikali, wabunge wa kusini wakapiga kelele, wasisikilizwe. Mwaka ule ule wanunuzi walipotoa bei ndogo, serikali ikaamua kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapelekwa kuzibeba. Ikasemwa kwamba zitabanguliwa nchini. Viwanda havikuwapo vya kutosha, na nyingi hatimaye zikauzwa ghafi. Askari ana uwezo wa kubeba gunia, lakini uwezo wa kulibangua haukuletwa kwa lori.

Watu husema: kiwanda chahitaji umeme. Huo nao tunao, tena umetoka katika mto wetu. Bwawa la Julius Nyerere, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Julai 2019, lina uwezo wa megawati 2,115. Vijana wengi walipata vibarua huko wakati wa ujenzi, na ujenzi ulipokwisha vibarua vikaisha, kama ilivyo desturi ya vibarua. Nguzo kubwa zimeupeleka umeme ule Chalinze uingie katika gridi ya taifa. Hatuna wivu, taa za Mwanza na Arusha ni taa zetu pia. Walakini mwezi wa Aprili 2024, maji yalipofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, tulikumbushwa kwamba mto huu una hasara zake, nazo zilibaki kwetu. Si ombi la ajabu kwamba faida yake nayo ibaki kidogo, walau kwa bei ya umeme wa mashine za kubangulia.

Wako watakaosema kwamba kiwanda cha Kibiti hakitaweza kushindana na Vietnam. Labda kwa siku za mwanzo hakitaweza, na hapo ndipo ulinzi wa serikali unapofaa: mkopo wa riba ndogo, korosho zitengwe kwa wabanguaji wa ndani kabla ya mnada, ushuru ule urudi kwenye kazi yake. Huo ndio ulinzi wa kiwanda. Ulinzi wa mpaka ni kitu kingine, na watu huvichanganya makusudi kwa sababu cha pili hakigharimu chochote ila hotuba. Kiwanda kikisimama, kitahitaji mipaka iliyo wazi kuliko mtu yeyote. Nchi yetu ina watu zaidi ya milioni 61, lakini Jumuiya yenye nchi 8, tangu Kongo ilipoingia mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, ni soko kubwa mara nyingi kuliko hilo. Je, tutaiuzia Nairobi kokwa zetu huku tukichoma vifaranga vyao?

Msimu wa korosho utafunguliwa tena mwezi wa Oktoba. Kila wiki ya mnada bei huandikwa, watu wakaisoma, wakafurahi au wakanung'unika. Twapenda wazee wa vijiji na madiwani wetu waulizwe katika mkutano wa hadhara neno moja zaidi: katika magunia yaliyouzwa wiki hii, ni mangapi yamebaki kubanguliwa katika wilaya hii, na kwa mikono ya watu wangapi? Hesabu hiyo na iandikwe ubaoni, chini ya bei, hata ikiwa ni sifuri. Sisi walimu tu tayari kuiandika, kila wiki, mradi tupewe.